Anand Bakshi, mtunzi wa nyimbo za picha za Kihindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kijiweni Tabora

Ukurasa huu umezaliwa na ubishi. Kijiwe chetu cha kahawa kipo Ng'ambo, Tabora mjini, na wengi wetu tulikulia kwenye vibanda vya video. Wimbo wa Kihindi ukilia kwenye simu ya mtu, lazima mmoja aseme, "Huo wa Amitabh!" Mwingine anajibu, "Amitabh gani, huo wa Kishore Kumar." Mmoja amemtaja mwigizaji, mwingine mwimbaji, na wote wawili wamemsahau aliyeandika maneno. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila mara, pamoja na majibu ninayoyatoa mpaka kahawa inapoa.

Anand Bakshi ni nani hasa?

Ni mtunzi wa mashairi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Aliifanya kazi hiyo Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, tangu miaka ya 1950 mpaka alipofariki mwaka 2002. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni nyimbo zaidi ya 3,500 katika filamu zaidi ya 600. Kama umewahi kuangalia picha za Kihindi kumi hivi, uwezekano wa kuwa hujakutana na maneno yake ni mdogo sana.

Mbona simjui, na nyimbo nazijua?

Kwa sababu wimbo wa filamu ya Kihindi una watu wanne nyuma yake, na sisi tunamwona mmoja tu. Chukua Sholay ya mwaka 1975. Kuna wimbo wa urafiki, Dharmendra na Amitabh Bachchan wamepanda pikipiki yenye kiti cha pembeni, wanacheka, wanabadilishana nafasi, mpaka raha. Hakuna hata mmoja wao anayeimba. Sauti ni za Kishore Kumar na Manna Dey, muziki ni wa R. D. Burman, na maneno ni ya Anand Bakshi. Waigizaji wanafuatisha midomo tu. Baadaye, mambo yakishaharibika, wimbo huohuo unarudi kwa huzuni, na hapo watu wazima hujifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Kwetu kuna sababu ya pili. Tulipenda nyimbo hizi bila kuelewa neno. Mpiga kinanda tunamsikia, mwimbaji tunamsikia, steringi tunamwona. Mwenye maneno ndiye peke yake ambaye kazi yake haikutufikia moja kwa moja, na bado, kwa maoni yangu, yeye ndiye aliyetufanya tulie mahali panapostahili kulia.

Alizaliwa wapi?

Rawalpindi, tarehe 21 Julai 1930. Mji huo leo uko Pakistani, lakini wakati huo yote ilikuwa India chini ya Mwingereza. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Nchi ilipogawanywa mwaka 1947, familia ilikimbilia upande wa India kama mamilioni ya wengine. Inasimuliwa kwamba katika hekaheka ile, watu wakikusanya vyombo na vitu vya thamani, yeye alichukua picha ya marehemu mama yake, na akagombezwa kwa kuacha vitu vya maana. Mama amejaa kwenye nyimbo zake. Sioni haja ya kutafuta sababu mbali.

Ni kweli alikuwa mwanajeshi?

Kweli kabisa, tena mara mbili. Kwanza alijiunga na jeshi la majini la kikoloni akiwa kijana wa miaka 14, huko Karachi. Mwaka 1946 mabaharia wa Kihindi waliwagomea Waingereza, mgomo ukageuka uasi, na yeye akawa miongoni mwa waliofukuzwa. Baada ya kuhamia India akaingia jeshi la nchi kavu. Huko alikuwa akitunga na kuimba kwenye hafla za askari, na wenzake ndio waliokuwa wasikilizaji wake wa kwanza.

Alipataje kazi ya filamu?

Hapa ndipo mtu wa Tabora anaposogeza kiti, maana ni hadithi ya reli.

Alifika Bombay mara ya kwanza mapema miaka ya 1950 akiwa na mashairi yake mkobani. Mji haukumtaka. Pesa zikaisha, akarudi jeshini. Alioa mwaka 1954. Halafu mwaka 1956 akaacha jeshi moja kwa moja akarudi Bombay kujaribu tena, safari hii mke wake akibaki kwao, na yeye hana mshahara wa kutegemea.

Siku moja mkaguzi wa tiketi wa reli alimkuta stesheni akiwa hana tiketi. Sisi tunaoijua Reli ya Kati tunajua mazungumzo ya namna hiyo huishia wapi. Haya yaliishia kwingine. Mkaguzi akaanza kumhoji ni nani na anafanya nini mjini, akasikia kwamba ni mtunzi, akataka kusikia mashairi. Aliyapenda. Akamchukua nyumbani kwake Borivali, pembezoni mwa Bombay, akamlaza, akamlisha, na kumpa senti za nauli za kuzunguka kwenye ofisi za watengeneza filamu. Hakuwa ndugu yake wala mtu wa kwao. Bakshi aliishi pale kwa muda mrefu, na alimtaja mtu huyo kwa heshima maisha yake yote.

Nafasi yenyewe ilitoka kwa Bhagwan Dada, mwigizaji na mwongozaji maarufu wa enzi hizo, aliyekuwa akitengeneza filamu ya Bhala Aadmi na mtunzi wake hajatokea. Bakshi alikuwepo ofisini. Akaelezwa matukio ya filamu yanayotaka wimbo, akaandika nyimbo 4, akalipwa rupia 150. Filamu ilitoka mwaka 1958 na haikumfanya kuwa mtu mkubwa. Alisubiri mpaka miaka ya 1960. Jab Jab Phool Khile ya mwaka 1965 ndiyo iliyomtangaza, ikafuata Milan ya mwaka 1967, na baada ya Aradhana ya mwaka 1969, ile iliyompandisha mwigizaji Rajesh Khanna, hakukuwa tena na wa kumuuliza tiketi.

Katika picha tunazozijua hapa, zipi zina maneno yake?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kila nikilijibu kuna mtu anashika kichwa.

Wazee wa enzi za sinema wataanza na Bobby ya 1973, kisha Sholay, kisha Amar Akbar Anthony ya 1977, ile ya ndugu watatu waliopotezana, mmoja akalelewa Mhindu, mmoja Mwislamu, mmoja Mkristo. Karz ya 1980, Ek Duuje Ke Liye ya 1981, Hero ya 1983. Zote zina maneno yake.

Wale wa mikanda ya VHS wana Nagina ya 1986. Naijua Tabora: ukisema "ile ya Sridevi nyoka" hakuna anayeuliza nyoka gani. Ule wimbo wa mwisho, mganga anapuliza zumari na Sridevi macho yamebadilika rangi, maneno yake ni ya Bakshi. Mwaka uleule alikuwa na Naam, yenye wimbo wa barua: Pankaj Udhas anaimba jukwaani ughaibuni mbele ya Wahindi waliotoka nyumbani siku nyingi, barua ya baba anayemwita mwanawe arudi, na ukumbi mzima unainamisha vichwa. Aliyeandika maneno yale aliishi kambini miaka na miaka akisubiri posta. Mji kama wetu, ambao kila familia ina mtu aliyepanda treni akaenda kutafuta maisha, hauhitaji mkalimani kwa wimbo huo.

Kisha Chandni, Ram Lakhan na Tridev, zote za 1989. Khal Nayak ya 1993, Mohra ya 1994. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, Dil To Pagal Hai ya 1997, Taal ya 1999, Mohabbatein ya 2000, Gadar ya 2001. Angalia miaka hiyo tena. Mtu aliyewaandikia mapenzi Shah Rukh Khan na Kajol mwaka 1995 alikuwa na umri wa miaka 65.

Na Kuch Kuch Hota Hai? Disco Dancer? Maine Pyar Kiya?

Hapana, hapana, na hapana. Kuch Kuch Hota Hai ya 1998 ni ya Sameer. Wimbo wa Jimmy kwenye Disco Dancer ni wa Anjaan, ambaye ndiye baba mzazi wa Sameer. Maine Pyar Kiya ina watunzi wengine kabisa. Tusimpe marehemu vya watu, vyake vinamtosha.

Kinachotangulia ni muziki au maneno?

Inategemea na mwenye muziki. Kuna walioomba maneno kwanza kisha wakayatafutia sauti, na kuna waliokuja na sauti tayari, mtunzi akatakiwa kuijaza. Bakshi aliweza yote mawili. Alichokuwa akisisitiza ni kingine: asimuliwe kisa. Alitaka kujua nani anaimba, ametoka wapi, anamwogopa nani, na baada ya wimbo kitatokea nini. Mwongozaji aliyemwambia tu "nipe wimbo wa mapenzi" alikuwa hajamwambia kitu.

Kujaza sauti iliyokwisha kutungwa ni kazi ngumu, na mtu aliyesoma mashairi ya Kiswahili ataielewa haraka kwa sababu anajua mizani. Tuseme mwenye muziki amekuletea sauti yenye vipande vinne, kila kipande mapigo matano. Kisa ni cha mama anayemsindikiza mwanawe stesheni ya Tabora. Unaandika:

Treni yaita, mwana wa mama,
Urambo mbali, Kigoma mbali.

Hesabu: tano na tano, tano na tano. Sasa weka Nzega mahali pa Urambo. Mstari unachechemea, mizani imepungua moja, na mwimbaji atalazimika kuvuta silabi isiyotaka kuvutwa. (Tena treni yenyewe haipiti Nzega mjini, watu wa huku wangekucheka kabla hujamaliza ubeti.) Wenzetu wana ugumu wa ziada: katika Kihindi na Kiurdu mtunzi anapima pia silabi ndefu na fupi, hivyo neno linaweza kutosha kwa idadi na bado likakataa kukaa. Juu ya hayo, wimbo una kipande cha mwanzo kinachorudiwa, wao hukiita mukhda, chenye kazi kama ya kibwagizo chetu. Hicho kikilegea, beti hata ziwe nzuri vipi hakuna atakayezisubiri.

Na yote hayo lazima yatoshe mdomoni mwa mhusika. Mchunga farasi hawezi kuimba kama mwalimu wa chuo.

Wapo wanaosema hakuwa mshairi, alikuwa mwandishi wa nyimbo tu. Ni kweli?

Wanaosema hivyo humlinganisha na Sahir Ludhianvi au Majrooh Sultanpuri, watu waliokuwa na jina katika ushairi wa Kiurdu nje ya filamu. Bakshi mwenyewe hakugombana nao. Alijiita mwandishi wa nyimbo. Msamiati wake ulikuwa mdogo na wa mitaani, wala hakuwa amesoma sana.

Mimi naona udogo huo ndio ufundi wake. Askari kambini wakimsikiliza mwenzao hawana subira ya fumbo la kuvunjiwa wiki nzima. Wanataka kitu kinachoingia mara ya kwanza, na kesho wakiimbe wenyewe kwenye gwaride. Alijifunzia hapo. Kuandika neno jepesi ambalo halichoshi baada ya miaka 50 ni kugumu kuliko kuandika neno zito, na ambaye haamini ajaribu. Sahir nampenda pia, msije mkanipiga.

Aliandika kwa lugha gani?

Nyimbo zake ni za Kihindi kile cha kawaida chenye Kiurdu ndani, na kwa mkono wake aliandika kwa herufi za Kiurdu, kwa sababu ndizo alizosomea Rawalpindi.

Aliwahi kuimba mwenyewe?

Aliwahi, na kumbe hiyo ndiyo ndoto iliyompeleka Bombay. Katika Mom Ki Gudiya ya 1972 aliimba pamoja na Lata Mangeshkar. Kwenye Sholay palikuwa na kawali, wimbo wa kikundi wa kupokezana, aliyoshiriki kuiimba, pamoja na Kishore Kumar, Manna Dey na Bhupinder Singh. Ilirekodiwa, lakini haikuingia kwenye filamu kwa sababu picha ilikuwa imeshakuwa ndefu. Sholay inapita saa tatu hata bila kawali hiyo, sijui wangetuacha tulale saa ngapi.

Ni kweli wimbo wake mmoja ulifikishwa mahakamani?

Ndiyo, ule wa Khal Nayak anaoucheza Madhuri Dixit, unaouliza kuna nini ndani ya blauzi. Watu walikasirika, redio na televisheni ya taifa ya India zikaukataa, kesi ikafunguliwa Delhi, ikatupwa. Kaseti ziliuzwa kama njugu. Jibu lililo ndani ya wimbo wenyewe ni moyo, na wenye kumtetea walisimamia hapo. Mimi nadhani alijua vizuri alichokuwa akikichokoza.

Huku kwetu wimbo huohuo ulipigwa kwenye harusi, bibi zetu wakaucheza mbele ya mashehe, na hakuna aliyeinua nyusi. Ndiyo faida ya kutokuelewa.

Alifanya kazi na watunga muziki gani?

Zaidi ya wote ni Laxmikant–Pyarelal, ambao wamo katika sehemu kubwa ya filamu zake, na anayefuata ni R. D. Burman. Ila kinachonishangaza ni namna alivyorithishwa kutoka kwa baba hadi mwana. Alimwandikia S. D. Burman, kisha mwanawe R. D. Alimwandikia Roshan, kisha mwanawe Rajesh Roshan. Aliwaandikia Kalyanji–Anandji, kisha Viju Shah, mtoto wa Kalyanji. Kwa A. R. Rahman, kijana aliyekuja na mashine mpya na mapigo mapya, aliandika Taal akiwa anakaribia miaka 70.

Tuzo?

Aliteuliwa kuwania Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, takriban mara 40, akashinda mara 4: kwa nyimbo za Apnapan, Ek Duuje Ke Liye, Dilwale Dulhania Le Jayenge na Taal.

Taarab zetu zilichukua nyimbo zake?

Taarab ya mwambao ilichota sana kwenye sauti za filamu za Kihindi, na Juma Bhalo wa Mombasa ndiye jina kubwa hapo. Lakini kilichochukuliwa ni sauti. Maneno yaliandikwa upya kwa Kiswahili, kwa mafumbo yetu na vijembe vyetu. Kwa hiyo mtunga muziki wa Bombay alivuka bahari, mtunzi wa maneno akaachwa bandarini. Nafasi yake ikakaliwa na malenga wa Kiswahili, ambao nao, ukiuliza kijiweni, hawatajwi.

Alifariki lini?

Tarehe 30 Machi 2002, Mumbai, akiwa na miaka 71, baada ya kuugua. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Filamu zenye nyimbo zake ziliendelea kutoka hata baada ya hapo: Mujhse Dosti Karoge! mwaka huohuo, na Mehbooba mwaka 2008.

Watunzi wa namna hii walikuwa wanalipwa kila wimbo unapopigwa?

Kwa muda mrefu India, mtunzi wa nyimbo za filamu alilipwa mara moja, na haki zikabaki kwa mtayarishaji au kampuni ya muziki. Mwaka 2012 sheria ya hakimiliki ya India ilirekebishwa ili mtunzi wa maneno na mtunga muziki wasiweze kunyang'anywa fungu lao la mirabaha hata wakisaini mkataba mbovu. Javed Akhtar, naye mtunzi, alilipigania hilo akiwa bungeni. Bakshi alikuwa ameshafariki miaka 10 nyuma.

Kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inayosimamia ni COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kufa kwako.

Nina mashairi yangu, niko Tabora, nataka yaingie kwenye filamu za Kibongo. Nianzie wapi?

Usianze kwa kumpelekea mwongozaji daftari zima la mashairi ya mapenzi. Mwombe kisa cha filamu anayoitengeneza, tafuta mahali ambapo mhusika amefikwa na jambo asiloweza kulisema kwa mazungumzo, andika hapo. Mafungu mawili na kibwagizo yanatosha. Mpe mtu mwingine ayasome kwa sauti bila wewe kumweleza kitu. Akikwama kwenye mstari, mwimbaji naye atakwama hapohapo.

Ukikubaliwa, andikianeni kabla ya studio, si baada. Karatasi ioneshe maneno ni ya nani, yatatumika kwenye filamu hiyo peke yake au hata kwenye matangazo na mitandao, unalipwa kiasi gani na lini, na jina lako litaandikwa wapi kwenye filamu. Hilo la jina wengi hulisahau, kisha wanalalamika miaka 20.

Kazi iandikishe COSOTA, na kwa mambo ya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, huna haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam kwanza: muone afisa utamaduni wa manispaa. Nenda na nakala mbili za mashairi yako na za mkataba, moja ibaki mkononi mwako.